Picha ya Tisa

Kitale ni mji wa chai. Watu wanalima kahawa huko juu Cheptais, wanaichuma, wanaipeleka kiwandani, kisha wanarudi nyumbani kupika chai ya maziwa. Ndiyo maana benchi la Ndung'u, fundi wa viatu, linatazamwa kama dhehebu geni: ubao mmoja juu ya matairi mawili ya lori, mkabala na duka la mbolea, na wanaume wazima wakinywa kahawa nyeusi asubuhi peupe. Kahawa ni ya Cherop, anayeikaanga mwenyewe na kuja nayo ndani ya birika lililofungwa sweta kuukuu. Wanywaji wa kudumu, ukimtoa Ndung'u, ni wawili. Kimeli alikuwa karani wa chifu, na benchi linamwita Hansadi kwa sababu anakumbuka kila jambo pamoja na tarehe yake, hata kama tarehe hiyo haikuwahi kuwa kwenye kalenda. Wakoli anaitwa Lubumbashi. Aliendesha lori miaka kumi na tisa, na hakuna hadithi yake isiyopita Lubumbashi, ingawa ukimbana vizuri atakiri kwamba alichokiona huko ni uwanja wa forodha na makalio ya lori la mbele yake, siku tisa mfululizo.

Asubuhi hiyo Lubumbashi hakuwa na hadithi. Alikuwa na karatasi, na kahawa yake ilikuwa imepoa.

— Umeitwa kortini? Ndung'u aliuliza, sindano ikiwa mdomoni.

— Afadhali korti. Nimeitwa na mtoto wangu.

Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama kando, faili limebanwa kwapani. Viola, kitindamimba wa Lubumbashi, yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja pale mjini, anasomea kutengeneza video. Kila dakika mbili aliangalia saa kwenye simu.

— Habari zenu, anko. Mniombee kwa huyu mzee. Mpango wa video yangu unaingia kwa mwalimu saa sita. Jumamosi tunashuti kule Bokoli, kwa kukhu, nyanya yangu. Kila kitu kiko tayari, mpaka ng'ombe. Amebaki yeye.

— Video ya nini? Hansadi aliuliza.

— Ya wimbo. Kijana wa darasa letu ameimba wimbo wa kusema asante. Sasa mwalimu akasema, kabla mtu hajagusa kamera, aende aulize watu. Utafiti. Ati tusitoe kitu kwa kichwa tu. Ndio nikaenda Bokoli nikamuuliza kukhu: kwa maisha yako, ni nani hujawahi kumwambia asante?

— Akasema Mungu, alisema Ndung'u.

— Mungu anamwambia kila asubuhi. Alisema baba.

Benchi likamgeukia Lubumbashi. Yeye aliinama akachunguza kiatu chake kana kwamba amekileta kushonwa.

Kukhu huyo ni Rosaline, mama mkwe wa Lubumbashi. Wale wasiojua mambo ya ukwe wa watu wa Bungoma waambiwe tu hivi: mwanamume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Siyo ugomvi. Ni heshima, na heshima yenyewe ni kukaa mbali. Siku hizi wengi wamelegeza. Lubumbashi hakulegeza. Ana miaka ishirini na sita ndani ya ndoa, na hata mke wake akimwonyesha picha kwenye simu, zikifika za mama, yeye hugeuza kichwa kama mtu aliyemulikwa na taa za gari.

— Na wewe ulimfanyia nini cha asante? Ndung'u alimuuliza.

— Hakuna. Nilimpeleka hospitali.

— Sema vizuri, alisema Hansadi. Hiyo ni tarehe kumi na moja, mwezi wa tano, mwaka wa—

— Hansadi, wacha. Alikuwa mgonjwa, gari hakuna, mvua imekata barabara. Nikaenda na lori. Akalala nyuma ya kiti, pale pa kulala dereva, pazia limefungwa. Nikageuza kile kioo cha ndani kikaangalia juu, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Kutoka Bokoli mpaka Lugulu niliendesha nikiangaliana na dari. Alipasuliwa, akapona. Nilikaa nje ya geti siku mbili, nikaenda.

— Hukuingia kumwona?

— Ningeingia aje, bana?

Viola alifungua faili akatoa michoro yake, picha kwa picha, jinsi video itakavyokwenda. Ya kwanza, jogoo. Ya pili, moshi wa jikoni. Alipita haraka mpaka ya tisa. Hapo palikuwa na watu wawili wa vijiti, mmoja mnene kidogo, vichwa vyao duara tupu, na katikati yao kikombe.

— Hii ndio video yote, alisema. Kukhu anampa baba kikombe cha chai. Mkono kwa mkono. Wanaangaliana. Wimbo unaisha. Lakini nisipokuwa na sahihi ya baba kwa hii fomu, mwalimu hawezi kukubali. Na sina hadithi ingine.

— Sasa shida iko wapi? Ndung'u alitoa sindano mdomoni. Kwetu mama mkwe anakuja, anakula, anakuuliza mbona umekonda. Chukua chai, sema asante, rudi Kitale.

— Kwenu ni kwenu, alisema Lubumbashi. Mimi nimepita mipaka mitano na hakuna polisi alinitetemesha. Lakini huyo mama! Siku moja nilienda bila kutuma habari, tukakutana kwa njia ya shamba. Yeye akaruka kwa mahindi upande huu, mimi nikaruka upande ule.

— Mkakimbia?

— Tulisimama hapo hapo. Nikasikia sauti kwa mahindi: "Watoto hawajambo?" Nikajibu: "Hawajambo, mama." "Na mguu wako?" "Umepona, mama." Tuliongea karibu nusu saa, kila mtu na mahindi yake. Watu wanapita njiani katikati, wanaona mahindi inasalimiana.

Cherop alicheka mpaka birika likamwaga. Lubumbashi alicheka pia, lakini alimaliza wa kwanza.

— Kila Desemba ananitumia mfuko wa njugu, alisema. Fundo tatu juu. Hakuna barua. Fundo tatu tu.

Hansadi alikohoa kwa namna ya mtu anayefungua mkutano.

— Hii kitu ni rahisi. Lubumbashi anapigwa picha hapa Kitale akinyoosha mkono. Mama anapigwa Bokoli akinyoosha kikombe. Kompyuta inaunganisha.

— Inawezekana, anko, lakini itakaa ya uongo. Mwalimu atajua.

— Basi ukuta! alisema Ndung'u. Mnatoboa tundu kwa ukuta wa jikoni. Mkono unatoka na kikombe, mkono mwingine unapokea. Uso hakuna. Heshima iko, chai iko.

— Utoboe ukuta wa mama mkwe? Lubumbashi alishika kichwa. Si ni heri nimwangalie tu!

— Droni, alisema Hansadi.

— Droni ya nini?

— Si hawa watoto wako na droni? Mama anaweka kikombe kwa droni. Droni inapaa, inapita juu ya migomba, inateremka kwa Lubumbashi. Mita hamsini katikati yao. Hakuna mila imeguswa.

— Chai moto ipae juu ya Bokoli? Ndung'u alisema. Ikimwagikia mtu wa kanisa njiani, atadhani ni upako.

— Wazee, bana, Viola alisema, akaangalia saa. Ilikuwa saa tano na nusu.

Ndung'u ndiye aliyeleta wazo ambalo benchi zima lililipenda, labda kwa sababu halikudai kitu kwa yeyote aliyekuwa amekaa.

— Tumvalishe Cherop.

— Mimi?

— Wewe ndiwe mama mkwe. Tunakufunga leso, unainama kidogo, unampa Lubumbashi kikombe. Umempa kikombe kila asubuhi miaka sita, hakuna mtu ametetemeka. Nani Bungoma atajua?

— Mimi sina hata mtoto wa kuolewa, Cherop alisema, lakini tayari alikuwa anajaribu kuinama. Alipata mgongo, akapata na mkono wa kutetemeka. Hansadi alimpigia makofi.

Lubumbashi alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alikunywa kahawa yake, baridi hivyo hivyo. Alimwangalia mtoto wake, akaona kwamba Viola hakuwa amepiga makofi. Alikuwa anaifuta picha ya tisa kwa kidole, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi.

Wakati huo akaja msichana amebeba begi kubwa la nguo, jasho usoni. Ni Chelangat, wa darasa la Viola, ndiye wa mavazi katika video hiyo. Hakuna mtu wa benchi aliyewahi kumwona.

— Niaje Viola. Habari zenu, wazee. Wamekubali?

— Wamepata mama mkwe mwingine, Viola alisema bila kuinua kichwa. Huyu hapa.

Chelangat alimzunguka Cherop, akampima kwa macho mabega na kiuno. Alifungua begi, akatoa leso mbili na gauni, akasita.

— Sawa. Lakini ili nimfananishe, huyo kukhu mwenyewe anafanana aje?

Viola alimwelekezea baba yake kidole. Aliyeangaliwa na wote ni Lubumbashi, maana huyo ni mama mkwe wake, na yeye ndiye mwenye hadithi.

Lubumbashi alifungua mdomo. Alijua kikohozi cha huyo mama. Alijua ndara zake zinavyoburuta uani, ya kushoto zaidi. Alijua pindo la gauni la samawati likikunja kona ya nyumba, kwa haraka, kumpisha. Alijua yale mafundo matatu. Alijua jinsi sauti yake inavyopanda kidogo inapouliza habari za watoto. Alitafuta juu ya hayo yote, pale panapokaa uso, akakuta duara tupu.

— Ni... ni mtu wa heshima, alisema.

— Mrefu? Ana mwanya? Anafanana na Viola?

— Sijui, mama. Sijui kabisa.

Hansadi, mwenye tarehe ya kila jambo, alitazama ndani ya kikombe chake. Ndung'u aligonga msumari ambao ulikuwa umeingia zamani. Cherop alinyoosha mgongo, akavua leso, akaikunja.

— Baba, alisema Viola. Kukhu naye aliniuliza hivyo.

— Aje?

— Nikimaliza maswali yangu, akasema na yeye ako na moja. Akaniuliza: baba yako anafanana aje?

— Ukamwambia?

— Nikamwambia umenenepa.

— Viola!

— Akashangaa sana. Akasema, kwa kusikia sauti yako tu, alidhani wewe ni mtu mwembamba. Ati miaka yote akikuombea, anaombea mtu mwembamba.

Hapo Lubumbashi alicheka, na kicheko kikamgeuka katikati, akalazimika kufuta macho kwa mkono wa shati.

— Na hii picha ya kikombe, aliuliza, yeye amekubali? Ama ni wewe tu?

Viola alitoa karatasi nyingine chini kabisa ya faili. Ilikuwa fomu kama ile ya baba yake. Chini, kwa herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, palikuwa na jina: Rosaline. Lilikuwa limeandikwa kwa penseli.

— Nilimpa kalamu akakataa. Akasema nikuulize wewe kwanza, nisikuonyeshe hii mpaka uamue. Ukikataa nifute, usijue alikuwa amekubali. Usione aibu. Lakini umeuliza mwenyewe.

Lubumbashi aliishika karatasi kwa pembe mbili. Ndivyo huyo mama alivyokuwa. Hata katika kusogea karibu alikuwa amemwachia njia ya mahindini.

— Hansadi, kalamu.

— Hii ni ya tangu—

— Leta.

Aliandika jina lake kwa wino, akikandamiza mpaka ubao wa benchi ukapata nakala. Kisha akaichukua ile fomu ya mama mkwe, akaipuliza kidogo juu ya penseli, polepole, kama mtu anayeogopa herufi zisifutike, akairudisha ndani ya faili yeye mwenyewe.

— Peleka. Kimbia, saa inaenda.

Viola hakukimbia. Alikuwa ameketi benchini kando ya baba yake, mahali ambapo wasichana hawakai, na hakuna aliyemkataza. Chelangat ndiye aliyechukua faili na kulipeleka mbio chuoni.

— Cherop, alisema Lubumbashi, niongezee.

Cherop aliinamisha birika. Likatoa tone moja.

— Imeisha.

— Basi nipe kikombe hivyo hivyo. Kitupu. Nataka kujua kinavyopokelewa.

Alisimama, akapangusa viganja kwenye suruali. Cherop alimnyooshea kikombe, kijiko kikiwa ndani, kwa mikono miwili, bila mzaha safari hii. Lubumbashi alikipokea huku akitazama viatu vyake Cherop.

— Macho, baba, alisema Viola.

— Nimeangalia.

— Umeangalia viatu. Rudia.

Akarudia. Akafika kwenye magoti. Akarudia, akafika kwenye vifungo vya sweta, shingo ikimkataa kabisa. Ndung'u alikuwa ameacha kushona. Hansadi alikuwa anahesabu kimya kimya, na baadaye angesema ilikuwa mara ya nne, saa sita kasoro dakika tano, ndipo Lubumbashi alipoinua macho.

— Asante, mama, alimwambia Cherop, na kijiko kikalia ndani ya kikombe kitupu.