Florence Keji, Aliyekula Jikoni na Athieng

Bi Florence Keji anastaafu tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka kumi na tisa katika kituo chetu cha utafiti wa maisha ya watoto, hapa mtaani Thongpiny. Wahariri wa jarida wameniomba mimi, mkurugenzi wake wa zamani, niandike haya. Mkono wangu hautulii tena, hivyo nitaandika kwa ufupi.

Alitujia kutoka Kampala na shahada ya sosholojia na kicheko kilichosikika hadi ofisi za jirani. Waendesha bodaboda wa soko la Konyo Konyo walimkwepa, kwa kuwa alibishania nauli kwa lugha tatu. Vikao alichelewa vyote. Ripoti zake hazikuchelewa hata moja.

Katika nyumba nyingi tunazozitembelea, kuhesabu watoto ni mwiko. Mama huona unawaitia msiba. Sisi tuliuliza idadi, tukapewa majibu ya kukwepa. Florence aliacha kuuliza. Alisubiri chakula kipakuliwe, akaangalia nani anakula na nani.

Ndivyo alivyomwona Athieng kule kijijini Rejaf. Bwana Makur na mkewe, waliokulia Kenya, walikuwa wametutajia watoto wa kulipiwa karo na mradi wetu. Athieng, binti wa marehemu dada yake Makur, hakutajwa. Wenzake waliketi kuzunguka sinia. Yeye alikula jikoni amesimama, kati ya kuteka maji na kuosha vyombo. Mke wa Makur alieleza bila ubaya wowote, "Huyo si mtoto, dada. Huyo ni mkono wangu."

Florence hakuhutubia mtu. Alichukua sahani yake ya asida, ugali wa huku, na bamia, akaingia jikoni, akala amesimama kando ya msichana. Mgeni kula amesimama ni aibu ya nyumba nzima. Makur akamfuata: "Mama, unatuvunjia heshima. Majirani watasema nini?" Akajibu, mdomo umejaa, kwamba amekuja kula na watoto, na huyu ni mmoja wao.

Makur alinuna. Kisha akaleta viti viwili. Kabla wageni hawajaondoka alitaja jina la Athieng, na muhula uliofuata msichana akaanza shule. Mke wa Makur hajamsamehe Florence hadi leo.

Florence alipotusimulia kisa hiki kikaoni, watu walicheka, nami nikacheka. Sijapata kumwambia mtu kwamba utotoni, uhamishoni Arua, nyumbani kwa mjomba wangu, nami nilikula nimesimama. Miaka yote nilidhani aibu ile ni yangu. Daktari hanipi muda mrefu, na sioni faida ya kuzikwa nayo.

Bi Florence, wafanyakazi wote wanakushukuru. Tunakuombea afya, bustani isiyokosa maji, na nyumba yenye kelele za wajukuu. Mimi nakushukuru pia kwa niaba ya mtoto mmoja wa Arua ambaye hukupata kumjua.