Kasule wa Muscat, Rufus wa Nyahururu

WAMBUI: Haloo? Nani mwenzangu? Nambari hii siijui.

JOWERIA: Ni mimi, Mama Levi. Joweria. Nimeazima simu ya mwenzangu Namirembe, yangu —

WAMBUI: Joweria! Wifi, tangu asubuhi nakupigia, haupatikani.

JOWERIA: Chaji iliisha. [mtandao unakwaruza] Mmeshindaje huko Nyahururu?

WAMBUI: Tumeshinda. Nyumba imejaa watu wa kanisa. Turubai limefungwa, viti vimeletwa. Mchungaji ananiuliza mwili utafika lini, namwambia namngoja wifi yangu wa Muscat. Sasa nipe jibu.

JOWERIA: Watoto wamekula?

WAMBUI: Joweria.

JOWERIA: Nauliza tu.

WAMBUI: Ann amekula kidogo. Levi hajagusa chakula tangu nimwambie baba yake ameanguka kazini. Anasema moyo hauwezi kusimama hivihivi, mtu anafunga AC ya watu ukutani halafu moyo unasimama. Ananiuliza mimi, kama vile mimi ni daktari.

JOWERIA: Uko mahali umekaa, Mama Levi?

WAMBUI: Mume wangu amekufa jana. Kuna kingine cha kunikalisha?

JOWERIA: Anazikwa leo. Baada ya swala ya alasiri.

WAMBUI: Nani?

JOWERIA: Kaka.

WAMBUI: Rufus?

JOWERIA: Karatasi za hospitali zimetoka, za polisi zimetoka. Bosi wake, Sinan, amehangaika nazo tangu alfajiri. Amelipia kila kitu, hakuomba hata —

WAMBUI: Anazikwa wapi?

JOWERIA: Huku Muscat. Makaburi ya Bawshar.

WAMBUI: Bawshar ni nini? Mimi nimechimbisha kaburi hapa! Wanaume wako shambani saa hii wana majembe mkononi!

JOWERIA: Usipige kelele, tafadhali. Niko nje ya mahali pa kuoshea maiti. Watu wananitazama.

WAMBUI: Wamemwosha?

JOWERIA: Wamemaliza.

WAMBUI: Kwa jina gani, Joweria?

JOWERIA: Unajua jina alilofanyia kazi huku.

WAMBUI: Nataka ulitamke.

JOWERIA: Kasule Siraji.

WAMBUI: Na mumewe Wambui anaitwa Rufus Gathogo. Nilikuwepo akibatizwa. Alizama majini, akatoka akikohoa, kanisa zima likacheka, na yeye akacheka.

JOWERIA: Na mimi nilikuwepo mjomba alipomwadhinia sikioni. Alikuwa na siku moja. Mama alimwita Kasule kabla baba yake Mkenya hajaja kumwona. Usiseme ni jina la wizi.

WAMBUI: Sijasema ni la wizi.

JOWERIA: Pasipoti zote mbili zilikuwa halali. Ya Uganda kwa mama, ya Kenya kwa baba —

WAMBUI: Mimi ndiye niliyemsindikiza Nairobi, unanifundisha? Ya Kenya aliiweka mfuko wa shati, ya Uganda akaificha chini ya nguo. Nikamuuliza, mbona usitumie moja? Akasema, Joweria amenitafutia kazi kwa jina la Kasule, bosi anamngoja Kasule. Akaenda. Kila likizo alinirudia na ile ya Kenya, sikuuliza tena.

JOWERIA: Sote hatukuuliza.

WAMBUI: Sasa nisikilize. Nenda chumbani kwake, fungua sanduku, chukua ile ya Kenya, mpelekee huyo Sinan. Mwambie huyu ni Mkristo, ana mke na watoto, anarudi kwao. Mambo ya ubalozi tutayafuata. Saa ngapi huko?

JOWERIA: Saa tisa.

WAMBUI: Basi kuna muda. Nenda.

JOWERIA: Mama Levi...

WAMBUI: Panda teksi, nenda!

JOWERIA: Haiko kwenye sanduku.

WAMBUI: Iko wapi?

JOWERIA: [mtandao unakwaruza]

WAMBUI: Sikusikii. Iko wapi?

JOWERIA: Niliikata.

WAMBUI: Uliikata vipi?

JOWERIA: Jana, niliporudi kutoka hospitali. Nilipita chumbani kwake, nikaichukua, nikaenda nayo kwa madamu wangu ninakofanya kazi. Nikaikata kwa mkasi wa jikoni. Vipande nikavitia kwenye taka.

WAMBUI: Ee Mungu wangu.

JOWERIA: Niliogopa! Mtu mmoja, majina mawili. Polisi wangeiona wangesema nini? Wangesema alikuja kwa uongo. Na aliyemleta ni nani? Ni mimi. Miaka saba niko hapa, natunza mama na watoto wangu Masaka. Sikufikiria. Mikono ilikata tu.

WAMBUI: Ulikata uso wake.

JOWERIA: Hapana. Picha nimeibakiza. Nilishindwa.

WAMBUI: Huyo bosi anajua Kiswahili?

JOWERIA: Anajua, mama yake alizaliwa Unguja. Kwa nini?

WAMBUI: Mpe simu.

JOWERIA: Mama Levi, mtu yuko katika sanda! Watu wamejipanga! Sinan mwenyewe ndiye —

WAMBUI: Mpe simu, au nitapigia ubalozi wetu simu mimi mwenyewe.

JOWERIA: Utaniharibia.

WAMBUI: Sitamwambia mambo ya mkasi. Mpe.

JOWERIA: [mbali na simu] Bwana Sinan... Bwana Sinan, samahani. Mke wa marehemu. [kelele za upepo, sauti za watu]

SINAN: Haloo? Dada yangu, pole. Pole sana. Mungu akupe subira.

WAMBUI: Asante.

SINAN: Mimi Sinan. Kasule alikuwa mtu wangu wa kazi, lakini nnamhisabu ndugu. Nimemkosha kwa mikono yangu. Kila kitu tumefanya kwa heshima, usiwe na wasiwasi hata kidogo.

WAMBUI: Umemwosha wewe mwenyewe?

SINAN: Mimi mwenyewe. Ana kovu gotini.

WAMBUI: La pikipiki. Alianguka nayo mwaka aliozaliwa Levi.

SINAN: Ewaa. Nilimkosha pale taratibu.

WAMBUI: Una moyo mwema, Bwana Sinan. Hata sijui nianze wapi.

SINAN: Anza popote. Watu wanangoja, lakini nnakusikiliza.

WAMBUI: Nipe kidogo. Nataka kuomba kwanza.

SINAN: Omba, dada.

WAMBUI: Bwana Yesu, nishike ulimi wangu. Nisiseme uongo juu ya maiti, na nisimuumize mtu aliyemtendea mema. Amina.

SINAN: Wewe Mkristo.

WAMBUI: Ndiyo.

SINAN: Hakunambia. Lakini hilo halina taabu. Mwanamume wa Kiislamu anaweza kuoa Mkristo, dini haikukataza —

WAMBUI: Na yeye, Bwana Sinan.

SINAN: Na yeye nini?

WAMBUI: Na yeye ni Mkristo. Huku alikuwa Rufus. Mzee wa kanisa. Alikuwa na pasipoti ya Uganda na ya Kenya. Wewe ulimjua wa Uganda.

SINAN: [kimya]

WAMBUI: Haloo?

SINAN: Nipo.

WAMBUI: Nisamehe.

SINAN: Miaka mitatu, dada. Miaka mitatu anaswali upande wangu wa kulia. Bega lake hili hapa, na langu hili. Alikuwa akifanya nini?

WAMBUI: Sijui.

SINAN: Akinicheka?

WAMBUI: Hapana! Hakuwa mtu wa kucheka watu. Nataka kusema alikuwa anaomba. Lakini sijui, na nimeomba nisiseme uongo.

SINAN: Na Ramadhani alifunga. Si mbele yangu tu. Wenzake walikuwa wakilala naye chumba kimoja, wanasema alifunga kikweli.

WAMBUI: Alinipigia jioni moja, sauti imekauka. Nikamwambia unywe maji, hilo jua la huko litakuua. Akasema, nikishakata simu.

SINAN: Sasa mwenyewe angelitaka azikwe vipi?

WAMBUI: Hatukuwahi kuzungumza hayo. Tulizungumza karo, na mvua, na jino la Ann. Kifo tuliona ni cha wazee.

SINAN: Mie nna watu karibu ya sabini wamesimama hapa. Nikimswalia na wewe umeshanambia hivi, nnakwenda nalo mpaka Akhera. Na nikimwacha, nnamrudisha kwenye baridi ya hospitali mtu niliyekwisha kumvisha sanda. Unafahamu ulilonitwika?

WAMBUI: Nafahamu.

SINAN: Ungenyamaza, sote tungelala.

WAMBUI: Mimi nisingelala. Na mwanangu angekua akiniuliza kaburi la baba liko wapi, nimwonyeshe shimo tupu.

SINAN: [anapumua] Haya. Hiyo paspoti ya Kenya iko wapi? Nnaichukua mwenyewe ubalozini kwenu kesho asubuhi.

WAMBUI: Haipo.

SINAN: Imepotea?

WAMBUI: Haipo tena. Tafadhali, usiniulize zaidi.

SINAN: Joweria ameinamisha uso hapa mbele yangu. Nshafahamu.

WAMBUI: Usimwadhibu. Nakuomba. Alifanya kwa woga.

SINAN: Mie si polisi, dada. Lakini polisi watakuja, kwa sababu mimi nimesaini kuwa huyu ni Kasule, na dada yake kasaini. Sasa nitakwenda kuwaambia siye. Au ndiye. Sijui hata nitaanzaje.

WAMBUI: Mungu akulipe.

SINAN: Na atulipe sote, kila mtu na lake. Umefanya vyema kunambia. Lakini sitaki kukushukuru leo. Zungumza na wifi yako, huyu hapa. [sauti za watu, mtu anauliza kwa Kiarabu, kishindo]

JOWERIA: Umemwambia nini?

WAMBUI: Ukweli.

JOWERIA: Amekaa chini kwenye ukingo wa barabara. Sijawahi kumwona Sinan amekaa chini. Watu wanaulizana kuna nini. Wengine wanaondoka.

WAMBUI: Na Rufus?

JOWERIA: Jeneza lilikuwa limeshabebwa, wakalisimamisha njiani. Sasa... [mtandao unakwaruza] ...wanamgeuza. Wanamrudisha kwenye gari.

WAMBUI: Nenda naye.

JOWERIA: Umefurahi sasa?

WAMBUI: Joweria, nenda naye, asirudi kule peke yake.

JOWERIA: Bila pasipoti watamtoaje? Ya Uganda inasema Kasule, wewe unasema Rufus, na Rufus hana karatasi hapa Oman, hajawahi kuingia Oman! Anaweza kukaa kwenye hiyo friji mpaka mwakani!

WAMBUI: Nina cheti cha ndoa. Nina nakala ya kitambulisho chake. Kesho nitakwenda Nairobi, nitalala langoni kwa watu wa serikali kama itabidi.

JOWERIA: Na mimi? Kesho mimi nitakuwa wapi?

WAMBUI: Nitakuombea.

JOWERIA: Ndiyo. Niombee.

WAMBUI: Sikusemi vibaya. Huyo ni kaka yako. Ulitaka azikwe kwa dini ya mama yenu, mimi nilitaka azikwe kwa baba yake, na yeye —

JOWERIA: Yeye hakutuambia kitu. Wewe ulipewa Rufus, mimi nikapewa Kasule, kila mtu akashukuru na chake.

WAMBUI: Wacha kulia.

JOWERIA: Wewe mwenyewe unalia.

WAMBUI: Hapa nimeingia bafuni. Kule nje wameanza kuimba, wanafikiri naongea na watu wa ndege.

JOWERIA: Utawaambiaje?

WAMBUI: Kwamba wafukie kwanza lile shimo, mvua isiliharibu. Tutachimba tena.

JOWERIA: Ngoja. Ngoja, dereva ananiita.

WAMBUI: Ingia garini.

JOWERIA: Ana fomu. Anasema hospitali haimpokei tena bila fomu mpya, na aliye ndugu aijaze. Sinan amekataa kushika kalamu.

WAMBUI: Basi jaza.

JOWERIA: Jina la maiti. Mama Levi, niandike lipi?

WAMBUI: Andika yote mawili.

JOWERIA: Nafasi ni moja.

WAMBUI: Bana maandishi, yatatosha.

JOWERIA: Anasema jina moja, lililo kwenye pasipoti. Amewasha gari. Amua haraka, salio la Namirembe lina —

WAMBUI: Mimi nimwamulie? Joweria, wewe ndiye dada yake, wewe ndiye uko naye hapo —

JOWERIA: Wewe ndiye mke! Sema! Anaondo—

WAMBUI: Haloo?

WAMBUI: Haloo, wifi? Joweria, umeandika lipi?