Chapa Juu ya Chapa

Tangu rashi ya dhahabu ilipoanza na wachimbaji kumiminika upande ule wa Nyamongo, benchi la mbele ya kibanda cha Shamimu halijapoa. Shamimu alisomea kompyuta chuo kikuu, akarudi kutengeneza simu za wachimbaji. Tena akawaundia programu ya kutumiana ujumbe, isiyosusa hata mtandao ukilegea. Asubuhi hiyo alikuwa na skrubu mdomoni na hasira kifuani, maana Mseti, ambaye benchi zima linamwita Karati, kile kipimo cha usafi wa dhahabu, kwa kujisifia usafi, alikuwa amemsogezea simu mpaka puani.

— Soma, dada. Mke wangu kaniandikia.

"Nakuwaza mume wangu. Rudi salama." Chini yake, maneno mawili madogo ya kijivu aliyoyachagua Shamimu mwenyewe: imehaririwa, imesambazwa.

— Uliandikwa, ukabadilishwa, ukatumwa tena, — akasema Shamimu.

— Wa kwanza kuandikiwa ni nani? Kabla ya "mume wangu" palikuwa na jina gani? Nataka yote yaonekane! La sivyo, leo leo naenda kwa wakwe kudai ng'ombe zangu.

Machage, dalali wa mifugo anayeitwa Mnada, akavuta kahawa kwa mlio.

— Huo ni ng'ombe mwenye chapa juu ya chapa. Wa hivyo simuulizi kitu, najua kaibwa, kavushwa mto. Dada, onyesha chapa zote. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nipone nini sasa, Mnada? — akauliza Shamimu.

— Ati chapa! — akadakia Felix, aliyebatizwa Sirari kwa kushinda mpakani. — Huo ni ushamba, bana. Kila ujumbe uwe na ramani: umetoka kwa nani, umelala wapi. Neno likifutwa, simu ya mume ilie king'ora!

— Na kidole cha mwandishi kikitetemeka, — akaongeza Mnada, — maandishi yawe mekundu.

— Na picha ya chumba alimokuwa! — akazidisha Sirari. — Mficha uchi hazai!

Shamimu akatema skrubu. Alipopanga maneno yale ya kijivu, aliwawazia watu wanaorekebisha makosa ya herufi. Hakujua kijivu nacho kinaweza kuvunja nyumba.

— Labda mkeo Boke alikosea herufi tu.

— Boke? Boke hajawahi kukubali kosa tangu nimuoe!

— Haya, — akasema Shamimu, akafungua kompyuta. — Kumbukumbu zipo. Nikibonyeza hapa, kila ujumbe utaonyesha ulivyoandikwa mwanzo, na simu zote ulizopitia.

— Bonyeza! — benchi likanguruma.

Ndipo aliposhuka kwenye bodaboda mzee Simioni wa kijiji cha Gorong'a, na simu iliyoingia maji.

— Shikamoo, tata.

— Marahaba, wanangu. Mnabonyeza nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja, king'ora na ramani ndani. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

— Mniwie radhi, mimi mambo haya siyajui. Ikibonyezwa, itafunguka kwa wanawake tu, au hata kwetu?

Sirari akaitia simu yake mfukoni taratibu. Mnada akachungulia ndani ya kikombe kama aliyedondosha kitu humo. Kidole cha Shamimu kilikuwa bado juu ya kitufe.

— Karati, nibonyeze?

Karati akalitazama benchi, akaitazama kompyuta.

— Jamani, mzee hajapewa kahawa, — akasema, na wote watatu wakainuka kwa mpigo kwenda kumtafutia.