Ngazi Zilizohamia Jikoni

Treni ilipotoka Thika, dada aliyeketi mbele yangu alifungua laptopu ya zamani, akaanza kurekebisha ramani ya nyumba. Mzee mmoja kando yake akachungulia.

"Hiyo si programu tunayotumia ofisini, madam."

"Hii ni ya bure, ya Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa. Ile yenu hulipiwa kila mwaka, na mimi nimejiajiri."

"Kwani huwezi kuwekewa ile ya wizi? Kila mtu anayo."

"Nilikuwa nayo. Ilikuja na virusi, nikapoteza shule nzima niliyokuwa nimechora."

Mzee akaguna. Nikaguna pia, ingawa mimi nauza viatu.

"Na injinia wako akifungua mchoro wako kwa programu yetu?"

"Vitu vinahama. Jana alikuta ngazi ziko jikoni." Dada hakucheka. "Mwenye nyumba anasema akiona kosa lingine, atatafuta mtu mwingine."

"Si unaona! Rudi kwa ile ya wizi."

"Nimemwomba injinia aweke programu hii yangu kwenye kompyuta yake."

"Hataweka."

"Ni ya bure, mzee."

"Hataweka, nakwambia."

Treni ikasimama Ruiru. Dada akashuka polepole, laptopu ikiwa wazi mikononi, kwa sababu kazi ilikuwa bado inajihifadhi na hakutaka kupoteza nyingine.