Mama Lavender, Aliyetuchagulia Kalenda

Ijumaa hii, tarehe 18 Desemba 1998, Bi. Peres Aketch anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika kliniki yetu ya Makina. Sisi humwita Mama Lavender. Wagonjwa humwita Madam wa Tarehe.

Aliajiriwa kama mfagiaji, akaishia kwenye dawati la rekodi. Kazi yake haikuwa ya mchezo: kuhakikisha mgonjwa wa kifua kikuu hakosi dawa. Ukiikatiza, ugonjwa hurudi na ukali mpya, na hapa tumezika watu kwa sababu hiyo.

Mwaka 1996 tulipewa kompyuta kuukuu, na fundi Ishmael akaleta programu mbili za kalenda tuchague. Moja ilikuwa na rangi, picha na saa inayozunguka. Sote tukaipenda, ingawa ungeweza kuchemsha chai kabla haijafunguka. Nyingine ilikuwa maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, ndogo hivi kwamba iliingia kwenye disketi moja na nafasi ikabaki. Tuliicheka wee!

Mama Lavender hakucheka. Alifungua ya rangi, akaandika jina, kisha akaenda ukutani akazima swichi. Ishmael alipiga kelele utadhani ameibiwa. Mama akamweleza kwa upole kwamba stima ya huku haiagi ikipotea. Akarudia vilevile kwa ile nyeusi. Ya rangi ilisahau jina, nyeusi ikalitunza. Basi, mambo yakaisha hapo, ingawa mimi nilinuna wiki nzima.

Mwaka uliofuata, Jumatatu moja ya Agosti, jirani wa Osewe, mgonjwa wetu aliyekuwa fundi viatu mtaani Kawangware 56, alipita kutuambia kwamba Osewe amefiwa na baba na anasafiri jioni hiyo kwenda Siaya. Osewe alikuwa amebakisha wiki tatu tu za dawa. Mama aliandika habari hiyo kwenye kalenda, na papo hapo stima ikapotea. Foleni ikawa ndefu, watoto wakalia, tukasahau. Hata yeye alisahau, na hajawahi kulificha hilo.

Stima iliporudi saa tisa, kalenda ilifunguka kabla hajaketi vizuri: Osewe, matanga, leo jioni. Alifunga dawa za wiki tatu kwenye leso, akatoka mbio bila sweta. Alimkuta Osewe akifunga begi. Alimkemea kwanza, kisha akampa pole ya msiba, wakalia pamoja.

Mama, ahsante sana. Ulitufundisha kazi, na sisi wengine ukatuvumilia. Nenda kwenu Ugenya ukapumzike, ulale hadi jua likuchoke, na Mungu akupe afya.

Osewe alimaliza dawa Septemba ile. Leo amefika tangu saa moja asubuhi, amekaa kiti cha mbele, na anasema haondoki kabla hajakushika mkono.