Kijiko cha Pili cha Mlonge

Mgeni rasmi, Mkuu wa Huduma za Mama na Mtoto. Mganga mfawidhi wa zahanati yetu. Wazazi mliofika na watoto wenu mgongoni na mapajani:

KARIBU

Sisi wanakikundi cha Unga wa Mtoto tunakukaribisha katika chumba hiki cha nyuma ya zahanati. Jisikie uko nyumbani, ila kiti hicho mguu wake mmoja umelegea, hivyo egemea kushoto. Tumeambiwa umekuja kuamua kama tuendelee na chumba hiki au kigeuzwe stoo mwisho wa mwezi. Hatutazunguka mbuyu. Tunasema "sisi" kwa sababu risala husomwa hivyo, na muhuri wetu bado unasema kikundi. Lakini aliyebaki kufungua mlango huu kila asubuhi ni mtu mmoja, naye ndiye anayekusomea.

HISTORIA

Tulianza tukiwa tisa. Mganga alituonyesha watoto waliovuka miezi sita, wanaoshiba uji mweupe lakini hawakui. Tukaanza kusaga ulezi, mtama na kunde. Akaja mtaalamu wa lishe, akatufundisha kuongeza mimea yenye antioksidanti, yaani viini vinavyosaidia kuukinga mwili usichakae: majani ya mlonge, maua ya rozela, viazi vya rangi ya machungwa. Majani tukayaanika kivulini, maana jua kali huyamaliza nguvu.

Tulijiwekea sheria moja tu: anayechanganya haonji. Ukishinda na majani siku nzima, uchungu huusikii tena. Aliyechanganya ni huyu anayesoma. Aliyeonja ni dada mmoja fundi cherehani, tuliyempa jina la Mzani, kwa sababu ulimi wake haukupunjwa na mtu.

MAFANIKIO

Watoto walipanda uzito. Kadi zao anazo mganga, hatuongezi chumvi. Mzani alikuwa akionja huku amefumba macho, kisha anasema, "Huyu mtoto atanishukuru," au siku nyingine, "Nani kanuna humu ndani? Uji umenuna." Tulicheka mpaka wagonjwa upande wa pili wakatugongea ukuta. Kelele hiyo nayo tunaihesabu kuwa mafanikio, ingawa fomu yenu haina mstari wake.

CHANGAMOTO

Mwaka jana tulirudi kutoka semina vichwa vimejaa. Tukaona kama kijiko kimoja cha unga wa mlonge kinafaa, basi viwili ni hospitali nzima. Mzani akaonja, akatema.

"Mchungu huu. Mtoto hamezi."

Akajibiwa, "Ulimi wako umezeeka, dada. Kashone."

Mgeni rasmi, hapo hatukujibu sisi. Nilijibu mimi. Akaosha kijiko, akakirudisha mahali pake, akachukua mkoba wake akatoka. Hakuaga.

Juma lililofuata wazazi wakaanza kurudisha pakiti. Mama mmoja alisema, "Mwanangu akiona bakuli tu anageukia ukutani." Nilirudi kwenye kijiko kimoja siku hiyohiyo, lakini maneno yalikuwa yameshatembea. Wenzetu wakatawanyika: wawili kiwanda cha biskuti, wengine kwa waume zao na wajukuu. Siwalaumu, kila mtu na riziki yake.

Sasa nachanganya mwenyewe na kuonja mwenyewe. Kila siku nasikia uji ni mtamu, na kila siku siamini. Mchana naongea na kinu. Nimezoea kazi nzito, mheshimiwa, ila upweke sijauzoea, na sioni aibu kulisema hilo mbele ya watu.

Nimekwenda kwake mara sita kuomba radhi. Nikiwa barabarani nasikia cherehani inakwenda. Nikibisha, inanyamaza. Nikiondoka, inaanza tena.

MAOMBI

Barua yenu iliuliza kama tunahitaji mashine ya kusaga. Tunashukuru, kinu chetu kinatosha. Tuna maombi mawili tu.

La kwanza, usikifanye chumba hiki stoo kabla wazazi hawa hawajatujaribu tena.

La pili, mezani kwako kuna chupa ya uji uliopikwa asubuhi hii. Tafadhali usiunywe wewe, utatusifia kwa adabu tu na hatutajua kitu. Nyumba ya Mzani ni ile yenye mlango wa bluu, kabla ya kona, na gari lako lazima lipite hapo. Mpelekee. Sisi anakataa kutufungulia, ila wewe ni mgeni na hana ugomvi na wewe. Akisema ni mchungu, tutaleta wenyewe ufunguo wa chumba ofisini kwako kabla ya jioni, wala hatutakata rufaa. Akisema ni mzuri, ututumie habari. Na akikutukana, mgeni rasmi, tunakuomba usipunguze hata tusi moja. Utuletee yote kama alivyoyasema, kwa sababu ni mwaka mzima hatujasikia sauti yake.

Mungu akulinde njiani, awape watoto hawa hamu ya kula, na akujalie subira ya kubisha hodi zaidi ya mara moja.

Ni sisi,
Kikundi cha Unga wa Mtoto
(wanachama wawili, kwa hesabu yetu)