Mwalimu Xaveria na Kibali cha Watu wa Ukunguni (1981–2025)

Mimi ni Deodatha, dada yake mkubwa, na familia imeniomba nisome maneno haya. Nikinyamaza katikati, nisubirini kidogo.

Mwalimu Xaveria Jovitus alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Nkwenda, ambako leo ni wilaya ya Kyerwa na enzi hizo ilikuwa Karagwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Jovitus Mutalemwa na Mama Anatolia. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba asubuhi ile, na mama alisema mtoto alifumbua macho akatazama dirishani kabla ya kumtazama yeye. Tabia hiyo hakuiacha. Ukimtuma kuni, ulimkuta njiani amekaa, analitazama bonde.

Alisoma shule ya msingi Nkwenda na sekondari Bugene, akamaliza mwaka 1999. Madaftari yake yalijaa michoro upande wa nyuma, na viboko alivyochapwa kwa ajili hiyo havikumsaidia kitu. Mwaka 2002 alianza kufundisha shule ya msingi karibu na Kayanga, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na moja.

Tarehe 8 Desemba 2007 alifunga ndoa na Benjamin, seremala wa Bugene, aliyemposa kwa meza ya kuchorea yenye mteremko. Sisi tulitarajia kitanda. Walijaliwa watoto wawili, Joyness na Fidele.

Juu ya meza hiyo, mwaka 2009, alianza hadithi ya katuni iitwayo Watu wa Ukunguni, akaiweka mtandaoni ukurasa mmoja mmoja. Ilihusu kijiji kinachoshuka na ukungu alfajiri na kuondoka nao jua likipanda, na afisa forodha wa Murongo anayejaribu kukagua mawingu yanayovuka kutoka Uganda bila karatasi. Afisa huyo hakuwahi kukamata wingu hata moja. Wasomaji wa Mwanza, Kampala na kwingineko walimwandikia ushauri chini ya kila ukurasa.

Mwaka 2019 aligundua kwamba Isihaka Gharib, fundi simu wa Omurushaka, na wasomaji wenzake walikuwa wamenakili kurasa zote na kuzihifadhi kwao bila kumwomba. Alikasirika, akawashtaki katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, tunakopeleka kesi za wezi wa ndizi. Mtendaji alizifuata taratibu zilezile.

"Mwalimu, mkungu ukiibwa tunakwenda shambani kuona palipokatwa," alisema. "Kwako pamekatwa wapi?"

"Hapajakatwa. Kurasa zote zipo."

"Sasa niandike nini?"

Isihaka alisimama. "Shikamoo, mwalimu. Tulihofia siku moja zitapotea, ndiyo maana."

Xaveria hakuitikia. Mnajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Ofisi nzima ilitazama chini.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akaacha kufundisha. Machi 2024 kampuni iliyotunza tovuti yake ilifunga huduma, na onyo lilikuwa limetumwa kwenye barua pepe asiyoifungua tena. Kazi ya miaka kumi na mitano ikatoweka. Tulipovuta sanduku la michoro chini ya kitanda, mchwa walikuwa wamemaliza karatasi. Nilimwona mdogo wangu akiliinua lile vumbi kwa viganja viwili, na sikuwahi kuumia vile hadi wiki hii.

Zilipita wiki kadhaa kabla hajampigia Isihaka. Kurasa zote 407, hata zilizochorwa baada ya kesi, zilikuwa salama, pamoja na maoni ya wasomaji. Lakini Isihaka alisema hawatazifungua kwa watu bila kibali cha mwenyewe, maana aliwahi kuwashtaki. Hapo nami nikaingilia kati, nikamwambia asitie saini, anagawa urithi wa watoto.

"Dada, siwapi shamba," alinijibu. "Nawapa njia ya kupita, na ruhusa ya kupalilia."

Nilinuna kwa miezi. Nasema hadharani kwamba nilikosea, na nilimcheleweshea siku ambazo hakuwa nazo nyingi.

Tarehe 17 Mei 2025 Isihaka alifika Bugene, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," Xaveria alisema. "Na ile ya ofisini pia, marahaba. Karibu ndani."

Kibali alikiandika kwa mkono wake: kurasa zisomwe bure, zisiuzwe, zisifanyiwe marekebisho, jina lake lisifutwe, maoni ya watu yabaki, na mali iendelee kuwa ya Joyness na Fidele. Alitia saini, tukatafuna pamoja kahawa kavu, kama desturi yetu ya kukubaliana.

Hifadhi ya kurasa hizo ilifunguliwa kwa wasomaji tarehe 2 Agosti. Akiwa kitandani, Xaveria alianza kuisoma kwenye simu tangu ukurasa wa kwanza, na ugonjwa ulikuwa umemsahaulisha mengi. Alicheka vichekesho vyake mwenyewe kama mgeni. Joyness alipotaka kumdokezea, alimkataza: "Usiniambie kinachofuata." Alitutoka nyumbani Bugene, Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, saa tisa alasiri. Simu ilikuwa kifuani, imefunguka ukurasa wa 388.

Ameacha mume, Benjamin. Watoto, Joyness na Fidele. Mama yetu Anatolia. Mimi dada yake. Wanafunzi aliowafundisha, na wasomaji waliomtunzia kazi yake.

Zimebaki kurasa kumi na tisa. Tukishaweka mashada, msiondoke. Joyness atakaa hapa kando ya kaburi, amsomee mama yake zilizobaki mpaka mwisho. Ruhusa tunayo, aliitoa mwenyewe. Kisha, mdogo wangu, upumzike kwa amani ya Bwana.